Walijua desturi zetu, hawakutujua sisi

Ukitaka kumtawala mtu, jifunze lugha yake na mila zake. Hilo wakoloni walilijua mapema kuliko tunavyodhani. Lakini ukitaka kumwelewa mtu, je, lugha na mila vinatosha?

Nauliza hivyo kwa sababu siku hizi kila semina na kila warsha ina mtu anayesimama na kusema kwamba tukijifunza tamaduni za wenzetu tutaelewana, na mambo yatakuwa shwari. Watu hupiga makofi, chai hunywewa, na posho hugawiwa. Mimi si mpinzani wa wazo hilo, naliamini. Ila naona lina tundu, na tundu lenyewe linaonekana vizuri sana ukiisoma habari ya walimu wa Kiswahili waliopata kuishi Berlin. Ni habari ambayo shuleni hatukufundishwa. Tulikaririshwa Mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 mpaka 1885, tukakaririshwa majina ya wazungu waliokaa mezani, basi. Kwamba miaka michache baadaye kulikuwa na Waswahili wamesimama mbele ya ubao katika jiji hilohilo wakiwafundisha Wajerumani, hilo hatukuambiwa.

Hebu tuanzie hapo.

Mwaka 1887 Wajerumani walifungua Berlin chuo cha lugha za Mashariki, kikiwa chini ya chuo kikuu chao kikubwa. Usidanganywe na jina la "Mashariki". Pamoja na Kiarabu, Kichina na Kituruki, Kiswahili nacho kilikuwa somo, kwa sababu tayari walikuwa na macho na pwani yetu. Wanafunzi wake walikuwa maofisa wa jeshi, watumishi wa serikali, wafanyabiashara na wamisionari, yaani watu waliokuwa wanakuja huku kufanya kazi. Utaratibu wa chuo ulikuwa kwamba mwalimu Mjerumani anafundisha sarufi, na pembeni yake anakaa mwenye lugha, mtu wa kutoka huku, ili wanafunzi wamsikie akitamka na wazoee mazungumzo.

Mmoja wa watu hao wa mwanzo alikuwa Amur bin Nasur, Mzanzibari, aliyefundisha huko kuanzia mwaka 1891 hadi 1895. Yeye aliandika habari za safari yake na za maisha yake Berlin, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1894. Akaja Salim bin Abakari, ambaye hakuwa mwalimu wa chuo bali alikuwa akisafiri na bwana wake wa Kijerumani. Mwaka 1896 akafika Urusi mpaka Siberia. Ndiyo, Siberia! Na aliporudi akasimulia safari hiyo kwa Kiswahili. Iliingia katika kitabu cha "Safari za Wasuaheli" kilichotoka mwaka 1901. Tumezoea kusoma Stanley na Burton wakituelezea sisi tulivyo. Kumbe wakati huohuo kulikuwa na mtu wetu anawatazama wao, na baridi yao, na mavazi yao, anatia maelezo.

Lakini ninayetaka tukae naye leo ni Mtoro bin Mwinyi Bakari.

Mtoro alikuwa mtu wa Bagamoyo, mwenye asili ya Uzaramo, Mwislamu aliyesoma. Bagamoyo ya ujana wake haikuwa mji mdogo wa kwenda kupumzika wikiendi kama tunavyoujua sisi. Ilikuwa mlango wa bara. Misafara ya Wanyamwezi iliingia na pembe za ndovu mabegani, ikatoka na vitambaa, shanga na bunduki. Wahindi walikuwa na maduka, Waarabu na majumbe walikuwa na madaraka yao, watumwa walikuwepo, Wakatoliki wa misheni walikuwepo. Kisha Wajerumani wakaja, pwani ikapigana nao mwaka 1888 na 1889, Abushiri akanyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, na mambo yakabadilika.

Mwaka 1900, akiwa na umri wa miaka 30 hivi, Mtoro akapelekwa Berlin kufundisha. Huko alifanya kazi chini ya Carl Velten, Mjerumani aliyewahi kuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni huku kwetu. Velten alikuwa amewaomba Waswahili kadhaa waandike mambo ya kwao, kwa lugha yao, kwa namna yao. Mtoro ndiye aliyeandika sehemu kubwa. Mwaka 1903 kikatoka kitabu: "Desturi za Wasuaheli". Jaladani jina lilikuwa la Velten.

Ndugu msomaji, kama hujawahi kukiona kitabu hiki, kitafute. Kina mambo ya mimba na kuzaliwa, jina la mtoto, michezo ya watoto, chuo cha Kurani, jando na unyago, posa na harusi, ngoma za kila aina, pepo na waganga, kilimo, madeni, safari za bara, utumwa, kusimikwa kwa jumbe, na mwisho kifo na maziko. Yaani mtu anazaliwa ukurasa wa kwanza na anazikwa kurasa za mwisho. Mtoro hakuandika kama mtu anayejitetea mbele ya mzungu. Aliandika kama mtu anayemweleza mgeni mwenye adabu: kwetu tunafanya hivi, sababu ni hii, na asiyefanya hivi watu humsema hivi.

Ukisoma kwa makini utaona pia kuwa Mtoro si malaika. Ni mwungwana wa pwani, na anaitazama bara kwa jicho la mwungwana wa pwani. Neno "washenzi" halimpi tabu. Anapoeleza utumwa, anakutofautishia mzalia aliyezaliwa humo nyumbani na "mjinga" aliyeletwa juzijuzi kutoka bara, hajui lugha wala adabu za mji. Lakini anaeleza kutoka upande wa wenye nyumba. Huyo "mjinga" mwenyewe hapewi nafasi ya kusema ametoka kijiji gani, amemwacha nani, na usiku wa kwanza Bagamoyo aliulala vipi. Liweke hilo akilini, tutalirudia.

Sasa basi. Hapa tuna taifa la Ulaya lenye chuo kinachofundisha lugha yetu, lenye kitabu kizima cha desturi zetu kilichoandikwa na mwenyeji, na lenye mwandishi huyo hai, anatembea mitaani kwao, anafundisha vijana wao. Kama kujua utamaduni peke yake kunaleta kuelewana, Wajerumani walikuwa na kila kitu mkononi. Walifanya nini?

Tazama kilichompata Mtoro. Mwaka 1904 alimuoa Mjerumani, Bertha Hilske. Ndoa halali. Darasani alikuwa amekwisha kukumbana na dharau za wanafunzi wake. Mwaka 1905 akaacha kazi ya chuo, akapanda meli na mkewe kurudi nyumbani. Kufika Dar es Salaam, serikali ya Gavana von Götzen ikamkataza mke asishuke. Mswahili peke yake ruhusa, Mswahili na mke mzungu hapana. Waliona kwamba ndoa ya namna ile ingewavunjia heshima wazungu mbele ya wenyeji.

Fikiri hapo. Mtu ameandika sura nzima juu ya ndoa ya Waswahili, posa, mahari, fungate, kila kitu. Maofisa wa serikali ileile walisomea Kiswahili katika chuo kilichomwajiri. Lakini ndoa yake yeye mwenyewe, ya Mtoro na Bertha, haikuwaingia akilini. Walijua ndoa za Waswahili. Mume mmoja Mswahili, mwenye mke anayempenda, aliyesimama ndani ya meli akiuona mji wa kwao kwa mbali, hawakumjua.

Mtoro hakumwacha mkewe. Walirudi Ujerumani. Miaka iliyofuata alifundisha Hamburg kwa muda, na baadaye akawa anatoa mihadhara kuhusu Afrika. Alifariki Berlin mwaka 1927. Bagamoyo hakuishi tena.

Mwaka huohuo wa 1905 vita vya Majimaji vikalipuka kusini, na gavana aliyekuwa madarakani ni yuleyule Götzen. Vita na njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa viliua watu kwa makumi ya maelfu, na wapo wanahistoria wanaotaja hata laki tatu. Mwaka 1906 ndoa za mzungu na Mwafrika zikapigwa marufuku rasmi kwenye koloni. Vitabu vya desturi vilikuwa vimeshachapwa. Vilikuwepo maktaba.

Kuna jambo jingine lililokuwa likiendelea Berlin wakati Mtoro anaandika. Katika jiji hilohilo, mtaalamu aliyeitwa Felix von Luschan alikuwa anakusanya mafuvu ya vichwa kutoka duniani kote. Kutoka Afrika Mashariki peke yake yalipelekwa zaidi ya 1,100, mengi kutoka Rwanda, mengine kutoka huku kwetu. Yalipimwa kwa rula na kupewa namba. Nao hao walisema wanataka kuwaelewa watu wa Afrika! Tarehe 2 Machi 1900, mwaka uleule Mtoro aliokwenda Berlin, Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa pamoja na wenzake 18. Familia zao mpaka leo zinatafuta vichwa vya wazee wao.

Kwa hiyo Berlin moja ilikuwa na njia mbili za kumjua Mwafrika. Chumba kimoja mafuvu yasiyo na majina. Chumba kingine Mswahili mwenye jina lake, mwenye kalamu, anasimulia. Na kati ya vyumba hivyo viwili, jaladani mwa kitabu chake, jina lake halipo.

Unaweza kusema hayo ni ya zamani, watu walikuwa bado. Sogea mbele kidogo.

Mwaka 1929 aliingia Berlin kijana mwingine kutoka Dar es Salaam, anayejulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa mwaka 1904, baba yake alikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la Wajerumani. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza alikuwa na miaka kumi, akaingia vitani na baba yake. Vita ikaisha, Wajerumani wakaondoka, mishahara haikulipwa. Alipofika Berlin akaenda kudai malipo yake na ya baba yake. Akajibiwa kwamba amechelewa. Akabaki kulekule. Akafanya kazi ya uhudumu katika jumba kubwa la starehe, akaoa Mjerumani mwaka 1933, akapata na kibarua cha kufundisha Kiswahili palepale alipofundisha Mtoro. Aliigiza pia katika filamu, kwa sababu watengeneza sinema walihitaji Mwafrika wa kusimama nyuma ya shujaa mzungu. Mwaka 1941 alionekana katika filamu ya kumsifu Carl Peters, yuleyule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu.

Mwaka huohuo wa 1941 Husen alikamatwa na Gestapo kwa kosa la uhusiano na mwanamke mzungu. Hakupelekwa mahakamani. Alifungwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, na humo akafa tarehe 24 Novemba 1944. Mtu aliyekuwa tayari kuvaa sare zao tangu akiwa mtoto, aliyewafundisha lugha yake kwa miaka, aliyewachezea sinema zao.

Nakwambia, hawa hawakukosa taarifa za utamaduni wetu. Walikuwa nazo nyingi kuliko sisi tulizonazo leo.

Nini basi kilikosekana? Kwa maoni yangu, desturi inakuambia watu wa mahali fulani hufanya nini. Ni jambo jema kulijua, maana usipolijua utamkosea mwenzako kila siku. Lakini desturi ikikaa peke yake inaweza kuwa kabati tu. Unamfungia mtu humo, unabandika lebo, unaondoka. "Waswahili ndivyo walivyo." Kisa cha mtu mmoja kinavunja kabati hilo, kwa sababu mtu mmoja hafuati lebo. Mtoro ni Mwislamu wa Bagamoyo aliyeoa Mjerumani na akakubali kupoteza nyumbani kwao kuliko kumwacha. Sasa huyo utamweka katika sura ipi ya "Desturi za Wasuaheli"? Hana sura. Na hapo ndipo unapoanza kumwona.

Wazee wetu nadhani walilifahamu jambo hili bila kufungua chuo Berlin. Chukua utani. Wangoni na Wahehe walipigana vibaya katika karne ya 19, damu ikamwagika, na leo ni watani. Wanyamwezi na Wazaramo, wale wa misafara na wale wa njiani kuelekea pwani, ni watani. Utani ni desturi, sawa, lakini angalia unavyofanya kazi. Mtani haji msibani kusema "Wazaramo huzika hivi". Anakuja kumkejeli marehemu mwenyewe, kwa jina, kwa uchoyo wake, kwa miguu yake mikubwa, mpaka wafiwa wanacheka machozi yakiwatoka. Ili umtanie mtu hivyo lazima umjue. Vita iligeuzwa kuwa ruhusa ya kumsogelea adui mpaka ujue anavyokoroma usiku. Ndiyo maana mtani ndiye pia huosha maiti na kushika jembe makaburini. Anayekutukana ndiye anayekuzika.

Turudi kwa yule "mjinga" wa Bagamoyo niliyesema tutamrudia. Ni rahisi kuwanyooshea kidole Wajerumani, na wanastahili. Lakini Mtoro aliyefungiwa kwenye lebo kule, naye alimfungia mtu mwingine kwenye lebo huku. Na sisi je? Hapa Dar es Salaam kila mtu ni mtaalamu wa Wamasai. Anajua lubega, anajua sime, anajua wanakunywa damu ya ng'ombe. Muulize yule Mmasai anayelinda geti la ofisi yake miaka minne sasa anaitwa nani. "Masai." Ana watoto wangapi? Hajui. Kwa nini aliacha ng'ombe akaja kulala nje ya geti la watu mjini? Hajawahi kuuliza. Tunajua desturi zake kama Götzen alivyozijua zetu.

Fungua gazeti. Waethiopia wanakamatwa kwenye lori, wamebanwa kama magunia, wanaelekea Afrika Kusini kutafuta maisha. Kichwa cha habari kinakupa idadi na neno "haramu". Idadi tu, kama yale mafuvu ya Luschan. Mmoja wao angesimuliwa vizuri, ametoka wapi, ameuza nini kupata nauli, nani anamsubiri, sidhani kama tungelitumia neno hilo kirahisi hivyo. Sheria ingebaki palepale. Jicho letu ndilo lingebadilika.

Hata Wajerumani wenyewe wameanza kuliona hili, japo wamechelewa zaidi ya miaka mia. Mwaka 2007 kibao kidogo cha shaba chenye jina la Husen kilitiwa barabarani Berlin, mbele ya nyumba aliyokuwa akiishi. Septemba 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimepata ndugu walio hai Tanzania wa watu watatu kati ya yale mafuvu. Mmoja wao alijulikana kwa jina: Akida, mshauri wa Mangi Meli. Namba ikarudi kuwa mtu. Na tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alikwenda Songea, akakutana na ukoo wa Songea Mbano, shujaa aliyenyongwa mwaka 1906, na akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Msamaha haufufui mtu, na wengi wetu tunaona bado kuna deni. Ila zingatia alikokwenda kuusemea. Aliufuata ukoo wenye jina, unaotafuta kichwa cha babu yao, na huwezi kuiambia familia kama hiyo kwamba "vita vya Majimaji vilisababishwa na mambo yafuatayo" halafu ukaondoka.

Kitabu cha Mtoro kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1981, miaka 78 baada ya kutoka. Sisi wenye lugha, tulioandikiwa na mtu wetu kwa Kiswahili cha kwetu, wengi hatujakisoma. Tunalalamika kwamba historia yetu imeandikwa na wageni, na ni kweli. Lakini hii moja iliandikwa na mwenyeji.

Mtoro alizikwa ugenini. Bibi yako, babu yako, yule mzee wa jirani aliyefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, au mama anayeuza chapati hapo kona aliyekuja kutoka Burundi mwaka 1972, hao bado wapo. Kila mmoja ana kisa ambacho hakiingii katika sura yoyote ya kitabu cha desturi. Umeshawahi kumuuliza hata mmoja wao?